Amri ya mahakama tuliambiwa tuipeleke wenyewe: barua ya wazi kwa wakuu wetu wa Lamu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia polisi, utawala, mahakama na afya katika Kaunti ya Lamu,

YAH: AMRI ZA ULINZI ZISIZOFIKA VISIWANI

Assalamu alaikum, na salamu za heshima kwa wasio Waislamu miongoni mwenu.

Nawaandikia hadharani kwa kuwa faraghani nimeshaandika. Barua ya kwanza niliipeleka kituoni kwa mkono wangu, ya pili nikaipeleka ofisi ya utawala, ya tatu nikamwachia karani aliyeniahidi kwamba nitapigiwa simu. Mbili kati ya hizo zina muhuri wa kupokewa na nakala ninazo. Ni miezi minne sasa. Simu haijalia.

Kituo sitakitaja, wala kijiji, wala jina la mtu. Ninayeandika habari zake ni mdogo wangu wa tumbo moja, naye amekubali kwa sharti hilo.

Naomba nianze na nyumba, maana bila nyumba habari hii haieleweki. Chumba na ukumbi anamoishi mdogo wangu si mali ya mumewe. Marehemu baba aliijenga orofa ile juu ya nyumba yake alipomuoza, kama ilivyo ada yetu ya kumjengea binti ili asihame kwao. Mume aliingia pale na sanduku la nguo na nyavu zake. Hakuna aliyemsimanga kwa hilo, ndivyo wanaume wengi wa hapa walivyoingia nyumbani kwao. Lakini usiku aliomrushia mkewe mbuzi ya nazi na kumvunja mkono, aliyetoka nje na watoto wawili alikuwa mwenye nyumba, na aliyebaki ndani na ufunguo alikuwa mgeni. Mpaka leo hali ni hiyo. Mdogo wangu na wanawe wanalala kwangu, tuko watu saba vyumba viwili.

Haya ndiyo yanayonifanya niwaandikie.

1. Kituoni kosa halikupewa jina lake.

Tulifika kabla ya alfajiri, mkono umefungwa kwa upande wa leso. Askari aliyekuwa zamu alimtazama, akatutazama, akasema, "Hii ni ya mume na mke. Nendeni mkakae na wazee." Niliposimama nisiondoke, akafungua kitabu cha matukio akaandika maneno matatu: ugomvi wa nyumbani. Niliyasoma juu chini kutoka upande wangu wa meza. Namba ya OB, yaani ya taarifa katika kitabu hicho, ilibidi niiombe mara mbili.

Waheshimiwa, ugomvi unahitaji watu wawili wanaogombana. Bunge lilishalipa jambo hili jina tangu mwaka 2015, katika Sheria Na. 2 ya mwaka huo, inayolinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Sheria ile haikuishia kwenye ngumi. Imetaja kudhulumiwa kingono hata ndani ya ndoa, kutishwa, kufuatwafuatwa, kutukanwa, kuharibiwa mali, kunyimwa fedha na mahitaji, kuvunjiwa mlango, na kuzuiwa usiingie unamoishi. Ndoa za watoto na ndoa za kulazimishwa zimo. Imetaja pia, na hapa mama wakwe watege sikio, kuingiliwa na wakwe. Inawalinda walio kwenye ndoa, walioachana, wachumba, waliozaa pamoja, jamaa na wanaoishi nyumba moja. Mwanamume anayepigwa, na wapo ingawa husema wameanguka ngazi, naye yumo.

Sheria hiyo hiyo inamtaka polisi amweleze mlalamishi msaada wote uliopo, yakiwemo matibabu na mahali pa kujihifadhi, na inampa mlalamishi haki ya kuomba aandikishe taarifa kwa askari wa jinsia yake. Sisi hatukuambiwa lolote katika hayo. Niliyajua baadaye, kwa kusoma usiku kwenye simu. Mwanamke asiye na simu, au asiye na dada mbishi, ayajue wapi?

2. Fomu ya P3 na bahari.

Hili nitalipitia haraka kwa sababu kila anayeishi visiwani analijua. P3 ni fomu ya polisi ambamo tabibu huandika majeraha. Kwanza unaichukua kituoni, kisha umpate tabibu wa kuijaza, kisha uirudishe. Kwa mtu wa mjini ni shughuli ya asubuhi moja. Kwetu ilikuwa siku mbili, kwa kuwa zahanati haikuwa na mtu wa kuijaza na hospitali iko Amu, yaani mji wa Lamu, na boti la Amu hufuata maji. Yakiwa yametoka, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, haupitiki, mngoje au mzunguke nje ya Manda na wimbi la kusi likiwapiga ubavuni. Mdogo wangu alisafiri hivyo na mkono uliovunjika, amekaa juu ya gunia la mkaa.

Mkono uliovunjika unaweza kungoja, utaonekana kwenye picha. Jeraha la kiganja shavuni haliwezi. Na aliyebakwa ndiye hana muda kabisa, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Toa humo usiku wa tukio, siku ya kuogopa, na siku ya kungoja maji. Hesabu mnaijua.

3. Amri yenyewe.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, mniwie radhi nikirefusha.

Mahakama, nasema kwa haki, haikutuangusha. Karani alitueleza ombi na hati ya kiapo vinavyoandikwa, hakimu akasoma, akamuuliza mdogo wangu maswali machache kwa upole, akatoa amri ya ulinzi ya muda. Hakusubiri kumsikia mume kwanza. Sheria inamruhusu, kwa kuwa hatari haingoji tarehe ya kesi. Amri ilisema mume asimguse mkewe, asimtishe, asimfuate, na atoke katika nyumba ile. Mdogo wangu aliishika karatasi kwa mkono mzima akaniuliza, "Sasa yamekwisha, dada?" Nikamwambia yamekwisha. Nilikuwa mjinga.

Tulirudi nayo kituoni. Askari mwingine, si yule wa kwanza, aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akaturudishia. Akasema, "Mpelekeeni basi. Akikaidi mje."

Naomba mlisome tena hilo. Mtu aliyevunjwa mkono aende kwenye mlango wa aliyemvunja, agonge, ampe karatasi inayomwambia ahame.

Hakwenda yeye. Nilikwenda mimi, na mzee wa mtaa ambaye alikubali baada ya kubembelezwa, na kijana wa jirani aliyesimama mbali. Tulimkuta barazani na wenzake, kikombe cha kahawa mkononi. Akaipokea, akaitazama upande mmoja, akaitazama upande wa pili ambao hauna kitu, akacheka na kusema hakusoma Kiingereza. Wenzake wakacheka pia. Akaitia mfukoni, akaagiza kikombe kingine.

Siku ya tatu alikuja mpaka mlangoni kwangu usiku, akapiga mlango na kusema maneno ambayo watoto wake waliyasikia na mimi sitayaandika. Nikarudi kituoni. Nikaambiwa hakuna ushahidi kwamba alipewa amri, kwa sababu hakuna askari aliyeipeleka.

Kuvunja amri ya ulinzi ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Lakini mtu haadhibiwi kwa amri ambayo haikuthibitishwa kwamba ilimfika, na kuifikisha tumeachiwa sisi, na tukiifikisha sisi haihesabiwi. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi nikitafuta mlango wa kutokea. Sijauona.

4. Lugha.

Mume alikuwa akitukejeli, hilo halina shaka. Hata hivyo alisema kweli. Amri nzima iko kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tuko Lamu, Waheshimiwa, mahali ambapo tenzi ziliandikwa kwa Kiswahili zamani sana kabla ya kuwapo mahakama hii. Kumwandikia Mwamu "usiikaribie nyumba hii" kwa lugha asiyoisoma ni kumpa udhuru mkononi.

5. Sulhu.

Wazee walikuja. Wengine nawaheshimu kama baba. Walikaa ukumbini kwangu na mmoja akamwambia mdogo wangu, "Regea kwako, mwanangu. Nyumba husitiriwa." Akajibu kwa sauti ndogo kwamba nyumba ni yake na angependa sana kurejea, ila kuna mtu ndani. Mzee akanyamaza. Nilitamani kucheka.

Sipingi sulhu. Qurani katika Suratun Nisaa aya ya 35 inaagiza mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke, wakitaka kupatanisha. Aya hiyo inajulikana na kila mzee aliyekuja. Ile ya Suratul Baqara, 231, haikutajwa na hata mmoja: kaeni nao kwa wema au waacheni kwa wema, wala msiwaweke kwa kuwadhuru. Sulhu inayofanywa huku amri ya mahakama imelala mfukoni mwa mmoja na mkono wa mwingine uko kwenye plasta haina pande mbili. Na Katiba, kifungu cha 159, inaposema njia za jadi za kusuluhisha zitumiwe, inasema papo hapo zisitumiwe kwa namna inayovunja haki za msingi. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi.

Lililoniumiza ni kwamba kikao kile hakikuwa fikra ya wazee. Walitumwa. Aliyewatuma alipata habari kutoka kituoni kwamba "wale wanawake wamekwenda kotini."

Sasa, najua mtakayonijibu, kwa kuwa nimeshajibiwa kwa mdomo kwenye korido.

Mtasema wanawake hufuta kesi wenyewe, askari wanachoka. Ni kweli wapo wanaofuta. Mtu aliyepeleka kesi, akaona mwezi unapita, mume yuko barazani anakunywa kahawa, na chakula cha watoto kinatoka kwa mume huyo huyo, atafuta. Fanyeni kazi wiki ya kwanza kisha tuhesabu wangapi watafuta. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimu miaka 15. Hiyo ni mmoja katika kila watatu. Wangapi kati yao mmewaona kituoni?

Mtasema hakuna boti wala mafuta. Kwa vijiji vya mbali nakubali, na ningeungana nanyi kuidai bajeti hiyo Nairobi. Lakini kituo chetu na nyumba ile vinasikia adhana moja. Palihitajika viatu.

Mtasema ni amri ya muda tu, tungoje kesi iamuliwe. Amri ya muda inamfunga mtu kwa muda wote iliopo. Ingekuwa ya kungojewa isingetolewa mapema.

Mtasema mambo ya ndoa ya Kiislamu ni ya Kadhi. Kadhi, kwa kifungu cha 170, ana hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Tumekwenda kwake kwa habari ya talaka na tumesikilizwa vizuri. Kuvunja mkono wa mtu si talaka wala mirathi.

Tena kuna wanaosema wanawake hutumia sheria hii kunyang'anya waume nyumba. Kwa hili sina subira. Nyumba ilijengwa na baba yangu, nilibeba mawe yake nikiwa na miaka kumi na minne.

Tunachoomba si kikubwa. Amri ya ulinzi ikitoka mahakamani, nakala ipelekwe moja kwa moja kituoni na askari ndiye aipeleke kwa aliyeamriwa, amsomee, aandike siku na saa, ndani ya saa 24 palipo na njia ya miguu na kwa boti la kwanza pasipokuwepo. Mwombaji asitumwe, hata kwa bahati mbaya. Amri yenyewe iwe kwa Kiswahili, au iwe na ukurasa wa Kiswahili juu yake, mistari mitano inatosha.

Kituoni pawe na askari wa kike anayejulikana kwa dawati la jinsia, na akiwa likizo pawe na mwingine. Ukutani pabandikwe karatasi kwa maandishi makubwa: haki ya namba ya OB, haki ya kuchagua askari wa jinsia yako, mahali P3 inapojazwa na kama kuna malipo au hakuna, na simu ya bure ya taifa ya kusaidia waliodhulumiwa, 1195, ambayo hupokea usiku na mchana. Watoto wana yao, 116. Karatasi moja na gundi. Mkikosa gundi nitaleta mimi.

Kwa upande wa afya, tupatieni mtu wa kujaza P3 visiwani kwa siku zinazojulikana, na dawa za saa 72 ziwekwe karibu zaidi na watu. Mahakama nayo, kila inapopanga vikao vya kuzunguka, ibandike ratiba mapema misikitini na gatini, maana tunaisikia boti likishaondoka.

Machifu na wazee waandikiwe waziwazi kwamba penye amri ya ulinzi hapana kikao cha sulhu mpaka mwenye kulindwa akitake mwenyewe, na mahakama ijue. Na pawe na chumba, hata kimoja, cha mwanamke na watoto kulala usiku wa kwanza, asiye na dada.

Nakuombeni mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Nisipojibiwa nitapeleka faili hili, pamoja na nakala zenye mihuri, kwa IPOA, mamlaka inayopokea malalamiko dhidi ya polisi. Nasema hivi bila vitisho. Nimetumia miezi minne kutafuta njia nyingine.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji siku 21. Mdogo wangu hushona kofia za vito. Siku aliyotoka aliacha kofia tatu za watu chumbani, mbili zimefika nusu na moja imebaki ukingo, na arbuni zao alishazitumia kwa maziwa ya watoto. Tunaomba askari wawili wamsindikize kwa nusu saa, apande ngazi zake, azichukue na sindano zake. Mwenye ile iliyobaki ukingo anaoa mwezi ujao, na anaulizia kila siku.

Wenu kwa heshima,

Dada mkubwa,
Kaunti ya Lamu.